Carina Iliyojifunga Nshamba

Mtoto alikuwa kiti cha nyuma, ufunguo ulikuwa kwenye swichi, na baba mdogo alikuwa nje akipokea chenji kwa muuza dagaa. Ilikuwa siku ya soko Nshamba, mwezi Desemba, saa sita mchana, jua lile kali linalotoka kati ya mvua na mvua. Baba mdogo alikuwa ameshuka na kuusukuma mlango kwa kiwiko, kama anavyofanya kila siku. Mlango ulipojibamiza, vitasa vililia kwa pamoja: tak. Hakuna aliyekuwa amebonyeza kitu.

Mpwa wangu ana miaka mitatu. Hakujua kufungua kwa ndani, na kila tulivyomwelekeza kwa vidole kupitia kioo ndivyo alivyozidi kulia. Kioo cha mbele upande wa abiria kilikuwa wazi upana wa vidole viwili. Mtu mmoja akasema vunjeni kioo. Baba mdogo akaokota jiwe, akaliangalia, akamwangalia mtoto aliyekuwa amebandika uso kwenye kioo cha nyuma, akalitupa. Mwishowe kijana wa bodaboda aliomba waya wa kufungia nondo kwenye nyumba inayojengwa jirani, akaukunja ncha, akaupitisha kwenye ule upenyo na kuanza kukitafuta kidude cha kufungulia kama mtu anayevua samaki. Ilichukua kama dakika ishirini. Mtoto alitoka amelowa jasho na sauti imemkauka. Dada yangu alimpokea bila kusema neno, na hakuzungumza na baba mdogo hadi siku ya tatu.

Kufikia jioni habari ilikuwa imefika Rubya. Carina ya baba mdogo inajifunga yenyewe. Kesho yake ikawa imeongezwa chumvi: Mjapani aliyekuwa nayo alifia humo ndani, ndiyo maana haitaki watu watoke. Abiria waliokuwa wakimsubiri asubuhi wakaanza kumwambia tangulia tu, tunamsubiri mwenzetu. Gari hilo hupeleka watu hospitali na sokoni, na kuwarudisha na mikungu yao ya ndizi kwenye buti. Rangi ya kibao chake cha namba sitaitaja. Nauli zake zimelipa muhula wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili, hivyo nilipoona linakaa uani siku mbili mfululizo, likinyeshewa, nilijua kinachonyeshewa pale ni pamoja na ada yangu.

"Nitakata nyaya zote," baba mdogo alisema. "Vitasa vya mkono vinatosha. Sisi tulikua bila sentro loki."

Mimi nasoma historia. Umeme wa gari nauogopa kama nilivyoogopa hesabu za kidato cha nne. Lakini neno lake "sisi tulikua bila" lilinikaa kichwani, kwa kuwa kadi ya gari inasema lilitengenezwa 1998, na mimi nimezaliwa 1999. Gari lina mwaka mmoja zaidi yangu, limevuka bahari, limeishi Dar es Salaam, limepanda mpaka Ihangiro, na sasa kosa lake lilitaka kumalizwa kwa koleo. Nilimwomba anipe siku chache nimtafute fundi wa umeme. Alikubali, nadhani kwa sababu ya yule mtoto zaidi kuliko kwa sababu yangu.

Wakati tukimsubiri fundi, nilifanya kitu pekee ninachokijua: nilianza kusoma. Kumbe kufunga milango yote kwa umeme ni wazo la zamani kuliko nilivyodhani. Mwaka 1914 kampuni ya Marekani iitwayo Scripps-Booth iliweka vitasa vya umeme kwenye gari lake la kifahari, kisha wazo likalala mpaka Packard ilipolifufua mwaka 1956. Mwaka 1982 Renault ya Ufaransa ikaiwekea Fuego yake mfumo uliokuwezesha kulifungua gari kwa kitufe ukiwa hatua kadhaa mbali nalo. Niliiandika miaka hiyo mitatu kwenye daftari, na kwa mazoea ya darasani nikaandika pembeni: na kwetu?

Mwaka 1914 kwetu palikuwa mikononi mwa Wajerumani. Juni mwaka uliofuata Waingereza walivuka ziwa na kuishambulia Bukoba, wakauangusha mnara wa mawasiliano ya redio uliokuwa hapo. Baada ya vita hiyo nchi ikawa chini ya Waingereza, na jambo dogo katika mengi waliyotuachia ni kuendesha kushoto. Majirani zetu wa Rwanda na Burundi, waliokuwa chini ya Wabelgiji, huendesha kulia. Nalitaja kwa sababu litakuja kuamua gari gani linafika Nshamba na gani halifiki.

Mwaka 1956 Bukoba ilikuwa na fedha. Kahawa ilikuwa imepanda bei sana katika miaka hiyo, ushirika wa wakulima ulikuwa umeanzishwa tangu 1950, na watu walijenga nyumba za bati na kununua baiskeli. Babu yangu alinunua Raleigh. Ilikuja na kufuli lake dogo la gurudumu la nyuma, ambalo Bibi anasema hakulifunga hata siku moja, maana kila mtu alijua baiskeli ile ni ya nani na mwizi angeipeleka wapi? Baiskeli imekwisha zamani, chuma chake kiliishia kwenye uzio wa mbuzi. Ufunguo wa kufuli Bibi bado anao kwenye kopo la vifungo. Hicho ndicho kitasa cha kwanza cha chombo cha usafiri katika familia yetu.

Halafu 1982. Mwaka ule Mfaransa alipoanza kufungua gari kwa kitufe, hapa watu walikuwa wanapanga foleni ya sabuni. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevamia eneo la kaskazini ya mto Kagera, yakapora ng'ombe, magari na mitambo ya kiwanda cha sukari, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Watu wa Missenyi walikimbilia kusini. Bibi alikaa na familia moja ya wakimbizi miezi kadhaa katika chumba ambacho leo baba mdogo anawekea matairi. Anakumbuka malori yaliyopanda na askari, na anakumbuka pia kwamba mengi hayakuwa ya jeshi. Serikali ilikuwa imechukua malori na mabasi ya raia kwa ajili ya vita. Siku zile mtu ungeweza kufunga gari lako kwa kufuli la aina yoyote, likihitajika, linahitajika.

Baada ya ushindi Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18, na miezi ile ikajivuta ikawa miaka. Mafuta yalikuwa adimu kiasi kwamba magari ya binafsi yalikatazwa barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana. Kuagiza gari lilikuwa jambo la serikali na mashirika yake, kwa fedha za kigeni ambazo hazikuwapo. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limewabana viongozi wasijilimbikizie mali, na gari la binafsi likawa mali inayotazamwa kwa jicho la pembeni. Yaliyokuwapo yalikuwa Land Rover na Peugeot 404 na 504 zilizokarabatiwa hadi basi. Kitasa chake kilikuwa pini ndogo juu ya mlango: ukiibonyeza imefunga, ukiivuta imefungua. Kama pini imevunjika, unachonga nyingine kwa mti. Hiyo ndiyo dunia baba mdogo anayoizungumzia anaposema walikua bila sentro loki. Walikua pia bila magari, ila hilo halisemi.

Mlango wenyewe, nikitumia neno hilo bila utani, ulifunguliwa Juni 1984. Katika bajeti ya mwaka ule Waziri wa Fedha Cleopa Msuya aliruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa zilizoorodheshwa bila kuulizwa fedha amezipata wapi. Ilikuwa mwaka mmoja tu baada ya Waziri Mkuu Edward Sokoine kuongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, ambapo watu walitupa bidhaa porini usiku wakiogopa kukutwa nazo. Wanafunzi wenzangu hupenda kuhesabu mageuzi ya uchumi kuanzia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, wakati wa Mzee Ruksa. Mimi nakaa na 1984. Hapo ndipo dola iliyofichwa chini ya godoro ilipogeuka kuwa pikapu bandarini. Mwaka 1991, huko Zanzibar, chama kiliwalegezea masharti viongozi wake pia, na baada ya hapo aibu ya kuwa na gari ikaisha polepole. Ikabaki aibu ya kutokuwa nalo.

Na magari yalikuwa tele upande wa pili wa dunia. Japani gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na ukaguzi ule, ambao wenyewe huuita shaken, hugharimu fedha nyingi. Likifika miaka 13, kodi yake ya mwaka hupanda. Kwa hiyo mtu wa Osaka mwenye gari zima lililotembea kidogo hufika mahali anapoona ni nafuu kuliondoa kuliko kuliweka. Wajapani nao huendesha kushoto, usukani kulia. Mrwanda hawezi kulichukua gari lile kirahisi. Mtanzania, Mkenya na Mganda wanaweza. Kuanzia hapo biashara ilijipanga yenyewe: minada, meli, mawakala wa bandari, na vijana wa kuendesha gari kutoka Dar kwenda mikoani. Kuja kwetu ni kama kilomita 1,400, kupitia Dodoma, Singida, Nzega, Kahama hadi Lusahunga, kisha kaskazini.

Ndiyo maana redio ya Carina yetu huishia masafa ya 90, kwa kuwa ilitengenezwa kwa mawimbi ya Japani yanayoanzia 76, na nusu ya stesheni zetu haizipati. Ndiyo maana pia kila ukiwasha gari, sauti ya mwanamke hutoka chini ya dashibodi ikisema maneno kwa Kijapani. Abiria wetu walishaizoea kabla ya tukio la Desemba, wengine humwitikia. Baada ya tukio, sauti ile ikawa ushahidi: mnamsikia, ndiye mwenye gari. Nilimwomba mwanafunzi mwenzangu aliyesoma Kijapani anisikilize kwa simu. Alicheka sana. Mwanamke yule anasema kadi haijaingizwa. Ni kifaa cha kulipia barabara za kasi za Japani, na tangu gari lishuke melini kimekuwa kikidai kadi ya barabara ambazo halitazipita tena.

Niliwaambia abiria wawili watatu. Mmoja alinijibu kwamba hivyo ndivyo shetani angesema.

Fundi alikuja Alhamisi, na mkoba mmoja na testa iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Ni mtu wa miaka hamsini hivi, alijifunza kazi Mwanza, na husema taratibu kama anayeogopa kuamsha kitu. Baba mdogo alimweleza kwa kirefu kisa cha mtoto. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Waitu, mlango gani uliobamizwa?"

"Wa dereva."

Akatikisa kichwa. Hakwenda kwenye mlango ule kwanza. Alifungua boneti akapima betri, maana umeme ukiwa dhaifu mota za vitasa husukuma nusu na kurudi, na mtu akadhani gari limerogwa. Betri ilikuwa nzima. Akatazama fyuzi, nzima. Kisha akakaa kiti cha dereva na kubonyeza swichi ya kufungia, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, macho ameyafumba. Milango mitatu ilijibu. Wa nyuma kushoto ulikaa kimya.

Nilimuuliza anasikiliza nini. Akanieleza kama unavyomweleza mtoto wa mwajiri, kwa subira. Ndani ya kila mlango kuna mota ndogo. Ukiipa umeme upande huu inasukuma fito ya kitasa, ukigeuza umeme inaivuta. Mlango mmoja ukinyamaza peke yake, tatizo liko ndani ya mlango huo: mota imechoka, waya wake umekatika, au fito imekauka kwa vumbi. Yote ikinyamaza, ugonjwa uko huku mbele, kwenye fyuzi, rilei au swichi. "Na yote ikicheza bila kuguswa," alisema, "hapo kuna anayeiamrisha. Dada, katika gari hili anayeamrisha ni mlango wa dereva."

Alishuka, akaushika mlango ule na kuanza kuufungua polepole, polepole mno, kama mtu anayeingia nyumbani amechelewa. Ulipofika nusu: tak. Akaurudisha. Tak. Akasogeza vidole viwili tu. Tak, tak, tak. Mpwa wangu, aliyekuwa amekaa mbali mapajani kwa mama yake, akaanza kulia tena.

Kati ya mlango na mwili wa gari, karibu na bawaba, kuna mpira uliokunjana kama mrija. Nyaya zote za mlango hupita humo: za kioo, za spika, za kitasa. Kila ukifungua mlango zinanyooka, kila ukifunga zinakunjika. Fundi aliuchomoa ule mpira kwa bisibisi, akauvuta nyuma. Nyaya mbili zilikuwa zimevaa nguo lakini hazikuwa na mwili ndani. Plastiki ilikuwa nzima, shaba imekatika, na mahali ilipokatika imegeuka kijani. Ya tatu ilikuwa imechubuka hadi shaba inaonekana. Mlango ulipobamizwa, ncha zilizokatika ziligusana kwa nukta moja ya sekunde. Kisanduku kinachotawala vitasa kikapata habari kwamba dereva amefunga mlango wake, kikatii, kikafunga na mingine.

Kwa hesabu za baba mdogo, mlango ule hufunguliwa mara arobaini au zaidi kwa siku ya soko. Yule mwenye gari wa Japani pengine alikuwa akiufungua asubuhi kwenda kazini na jioni kurudi. Sidhani kuna aliyekosea katika kulitengeneza gari lile. Lilitengenezwa kwa maisha fulani, likapewa mengine.

Ningeridhika na jibu hilo, lakini fundi alitaka kuvua kava la mlango. Ndani yake nilikuta kitu ambacho sikutegemea kukikuta nje ya Idara ya Nyaraka. Mjapani aliweka karatasi ya plastiki nyuma ya kava ili maji yanayoteremka kwenye kioo yasifikie mota; mtu fulani aliichana zamani na kuitupa, labda alipokuwa anaharakisha. Sehemu ya chini ya mlango ina matundu ya kutolea maji. Yalikuwa yamezibwa na udongo wetu mwekundu uliochanganyika na mabawa makavu ya senene, wale wanaofuata taa za gari usiku wa Novemba. Mlango ule ulikuwa ndoo. Na juu ya nyaya za awali, zenye rangi mbilimbili na zilizofungwa vizuri kama nywele za mtoto wa shule, zilipita nyaya nyingine nyekundu na nyeusi, zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu iliyokwisha gundi.

"Hii ni kazi ya Dar," fundi alisema, bila dharau.

Tulizifuata hadi chini ya usukani, tukakuta kisanduku cha alamu kilichokufa. Rimoti yake hatukuwahi kuiona. Ninaishi Dar na ninajua kilikuja kwa nini. Mmiliki wa kwanza wa hapa aliogopa. Gari letu bado lina namba yake iliyochorwa kwenye vioo vya pembeni na kwenye taa, kama magari mengi ya jijini, ili mwizi akivikwanyua ashindwe kuviuza. Dar kioo cha pembeni huondoka ukiwa kwenye foleni, na kesho yake unakwenda Kariakoo kutafuta kingine ukiomba Mungu kisiwe chako mwenyewe. Mtu yule alilipa fundi aongeze ulinzi, na fundi akazikata nyaya zilizokuwa nzima ili apate pa kuunganishia. Miaka mingi baadaye, maungio yale yalikuwa yameshapitisha kutu kwenye kitasa. Fundi alisema nyaya za kwenye mpira zingekatika hata hivyo siku moja. Ila maungio ndiyo yaliyofanya umeme upotee njia na kumaliza mota ya mlango wa nyuma.

Basi ukiuvua mlango ule unawakuta watu watatu. Mjapani aliyetaka asisumbuke kuzunguka gari akifunga mlango mmoja mmoja. Mtu wa Dar aliyeogopa wezi. Na baba mdogo, ambaye haogopi wezi wala hasumbuki, anayetaka tu milango ifunguke haraka mama mwenye uchungu anapofika hospitali. Kila mmoja alikitaka kitasa kwa sababu yake, na hakuna aliyeondoa cha mwenzake; waliongeza tu. Kwenye semina zetu tungeliita jambo hili kwa neno refu. Fundi aliliita takataka, akaanza kulitoa.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Baba mdogo alipoona kisanduku cha alamu kinatolewa, akasema vizuri, endelea, toa na hiyo sentro loki yenyewe. Fundi akasita. Nami nikaingilia, pengine kwa sauti ya juu kuliko inavyompasa mtoto mbele ya baba yake. Nilisema kila gari hapa Nshamba limepunguzwa hivyohivyo: kipoza hewa kimeng'olewa, kioo kimekazwa kwa kipande cha mti, waipa ya nyuma imekatwa, na mwisho tunabaki na gari la 1998 lenye akili ya Peugeot ya 1975. Nilisema hatutengenezi, tunafuta.

Baba mdogo hakukasirika, jambo lililoniumiza zaidi. Alisema, "Mwanangu, wewe hukuokota lile jiwe."

Alisema aliposhika jiwe aliona wazi atakavyokipiga kioo na vipande vitakavyomwingia mtoto machoni, na tangu siku ile akifumba macho ndicho anachokiona. Kitu kinachoweza kufunga bila yeye kukiambia hakitaki katika gari lake. Pini ya mti haiwezi kufanya hivyo. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimelifanya gari lile kuwa hoja, na yeye ndiye anayeliendesha.

Fundi ndiye aliyetafuta njia. Alipendekeza aunganishe nyaya upya, aziongezee urefu kidogo zisivutike, na achomelee maungio kwa risasi badala ya kusokota. Kisha aondoe ile habari ambayo kitasa cha dereva hupeleka kwenye kisanduku. Swichi ya kubonyeza ingebaki. Kwa maneno mengine, milango yote ingeendelea kufunga na kufunguka kwa umeme, lakini kwa kidole cha mtu tu. Mlango wa dereva usingeweza tena kuamrisha. Baba mdogo aliuliza mara tatu, kwa namna tatu tofauti, kama kweli haiwezekani ujifunge. Fundi akamjibu mara tatu. Kazi ilimalizika saa kumi na moja, na mvua ikitishia. Matundu ya chini aliyazibua kwa spoku, na maji ya kahawia yakatoka kama kikombe kizima. Badala ya plastiki iliyochanwa tuliweka mfuko wa mbolea uliofuliwa.

Mlango wa nyuma kushoto bado haufanyi kazi kwa umeme. Mota iliagizwa Gerezani na ikaja kwa basi, imefungwa kwenye boksi la sabuni, ikiwa imetolewa kwenye gari jingine lililokufa. Haikuingia vizuri, ilikuwa ya upande wa kulia. Tumeagiza nyingine.

Abiria hawakurudi siku hiyo wala iliyofuata. Jumatatu Bibi alikuwa na kliniki ya presha Rubya. Alitoka na khanga zake mbili na mkoba, akakataa kiti cha mbele, akakaa nyuma, palepale mtoto alipokuwa amekaa. Barabarani kulikuwa na watu sita saba wanasubiri usafiri, na walikuwa wanaangalia.

"Shuka ufunge," Bibi akamwambia baba mdogo.

Akashuka, akausukuma mlango kwa kiwiko. Kimya. Bibi akanyoosha mkono, akafungua mlango wake, akaufunga.

"Bojo, rudia. Kwa nguvu."

Akarudia. Bibi akafungua tena, akafunga tena. Yule mwanamke wa chini ya dashibodi alipowashwa akaanza kudai kadi yake. Bibi akamwitikia, akajisogeza kuelekea dirishani, na kumwita jirani yake aliyekuwa amesimama na mwavuli aje akae, nafasi ipo.